Inauma au Umeumia?

Jambo la kwanza nililofundishwa kwenye karate lilikuwa kukunja ngumi, na nililikosea. Ilikuwa mwaka 2007, nina miaka 11, niko darasa la tano, nimesimama peku kwenye sakafu ya saruji ya ukumbi mmoja pale Mwanga, Kigoma. Dole gumba nilikuwa nimelificha ndani ya vile vidole vinne kama mtoto anayeficha sarafu. Sensei, yaani mwalimu wetu, alichuchumaa mbele yangu, akaushika mkono wangu na kuukunjua kidole kimoja kimoja. Kisha akaukunja upya: vidole vinne kwanza, vibanwe hadi ncha zizame kwenye kiganja, ndipo dole gumba lije kwa nje lilale juu ya kidole cha shahada na cha kati.

"Ukipiga kitu kigumu dole likiwa ndani," akaniambia, "utakachovunja ni dole lako mwenyewe." Akavigusa vifundo viwili vya mwanzo. "Unapiga kwa hivi. Hiki cha kidole kidogo usikitumie, mfupa wake ni mwembamba."

Nilirudi nyumbani nimekunja ngumi njia nzima.

Mimi na kaka yangu tuliijua karate kupitia kibanda umiza. Unalipa hela yako ndogo, unabanana na wenzako kwenye benchi, unamtazama mtu mmoja akiwaangusha watu kumi na kuruka ukuta juu yake. Kwenye zile filamu hakuna anayeteguka kifundo cha mguu. Hakuna anayeambiwa apumzike wiki tatu. Tuliposikia kuna mwalimu anafundisha watoto jioni, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, nilijiona kabisa ndani ya mwezi mmoja nami naruka ukuta. Mama, ambaye alikuwa akiuza mawese sokoni Mwanga, alikataa. "Mtoto wa kike na mateke wapi na wapi?" Baba ndiye aliyemlainisha, kwa sharti kwamba adhana ya Magharibi inikute nyumbani.

Mwezi wa kwanza wote kazi yetu ilikuwa kusimama. Kuna kusimama kwa mguu mmoja mbele, goti limekunjwa hadi lifike juu ya vidole, mguu wa nyuma umenyooka: hiyo ni zenkutsu dachi. Kuna kusimama kama aliyepanda farasi, miguu imepanuka, magoti yamesukumwa nje, mgongo umenyooka: kiba dachi. Sensei anahesabu kwa Kijapani, ichi, ni, san, shi, go, na kila hesabu ni hatua moja na ngumi moja. Tukifika mwisho wa ukumbi tunageuka, tunarudi. Mapaja yanatetemeka, nyayo zinababuka kwa saruji, jasho linaingia machoni na huruhusiwi kulifuta mpaka aseme.

Anayeijua Kigoma anajua mji wetu ni wa vilima. Siku ya pili baada ya mazoezi, kupanda kilima niliweza. Kuteremka ndiko kulikonitoa machozi, kwa sababu kila hatua ya kushuka ilikuwa inayavuta mapaja yaleyale. Mama aliponiona nateremka njia kiubavuubavu kama kaa, alitaka jambo hilo liishe siku ileile. Nikamwambia Sensei kesho yake, na ndipo kwa mara ya kwanza aliponiuliza swali ambalo baadaye nililisikia mamia ya mara.

"Inauma au umeumia?"

Sikuelewa. Kwangu yalikuwa neno moja. Akanikalisha akanieleza, na maelezo yale nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu ndiyo ninayowapa watoto wa watu leo. Msuli uliofanya kazi usiyoizoea utauma. Utauma kesho na keshokutwa kuliko leo, utauma pande zote mbili, kushoto na kulia, na ukiupasha moto taratibu unalegea. Huo uache tu. Kuumia ni kitu kingine. Kuumia kuna saa yake: unajua dakika iliyotokea. Kuna mahali pake: unaweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Panavimba, au panakataa kubeba uzito, au usiku panakuamsha. "Ikiwa hivyo," alisema, "unakuja kwangu kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote, na sitakukasirikia."

Hayo ya mwisho ningeyashika tangu siku ile, nisingekuwa na kovu la kusimulia.

Kilichokuwa kigumu kuliko maumivu kilikuwa kurudia. Kata ni mfuatano wa hatua na mapigo yaliyopangwa, unaofanywa bila mpinzani. Yetu ya kwanza, Heian Shodan, ina hatua 21. Inaanza kwa kugeuka kushoto na kukinga chini, na mimi kwa wiki nzima niligeuka kulia, nikawa natazamana uso kwa uso na mwenzangu wa pembeni. Ilinichukua miezi minne kuimaliza bila kusimama katikati kufikiri. Tulianza watoto kama thelathini. Ilipofika mwezi wa Ramadhani tulikuwa tisa. Siwalaumu walioondoka. Walikuja kutafuta kuruka ukuta, wakakuta kuhesabiwa hatua. Mimi nilibaki kwa sababu ya hadithi. Sensei alitusimulia habari za Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, ambaye utotoni alikuwa dhaifu, mgonjwa mgonjwa. Nami ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote pale ukumbini, nikaona mtu kama mimi ameshapita njia hii.

Jumamosi, dakika ishirini za mwisho, zilikuwa za kujifunza kuanguka. Hapo ndipo nilipokuwa natoroka. Nitasema naenda msalani, nitasema kamba ya suruali imekatika, mara nimetumwa na Mama. Kuanguka niliona ni kazi ya anayeshindwa, na mimi nilikuja kushinda. Tena nguo zangu nyeupe zilikuwa zinachafuka, na mfuaji ni mimi. Sensei alinikemea mara mbili tatu, lakini watoto walikuwa wengi na jioni inakimbia.

Mwaka wa pili nikapata mkanda wa njano. Wiki mbili baada ya hapo, Jumamosi moja Sensei alichelewa. Tulikuwa uani, na kaka mmoja wa mkanda wa kijani, kijana wa miaka 16, akaniita tupambane wawili: "Njoo tucheze kumite kidogo, mdogo wangu." Alikuwa kaka mwema, alikuwa ananisaidia sana kwenye kata. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, wala mimi sikulazimishwa. Nilikuwa na mkanda mpya kiunoni.

Nikarusha teke la mbele. Mguu wangu ukiwa bado hewani, yeye akanipiga ngwala kwenye ule uliobaki chini. Nikaenda nyuma. Na mkono wangu wa kushoto, ambao haukuwa umefundishwa kitu kingine, ukafanya kile ambacho mkono wa mtu yeyote hufanya: ukatangulia chini kuipokea ardhi, umenyooka, kiganja kimefunguka. Uzito wangu wote ukaja juu yake. Nikasikia mlio kama wa kuvunja kijiti kibichi cha muhogo. Maumivu yalichelewa kidogo, kisha yakaja yote kwa pamoja, pamoja na kichefuchefu.

"Usimwambie Sensei," yule kaka alisema, uso umempauka. Nami sikutaka kumwambia. Nilikuwa na aibu, si ya kuvunjika, maana sikujua kama nimevunjika. Aibu ya kuangushwa mbele ya watu nikiwa na mkanda ule.

Nyumbani nilidanganya. Bibi alikuwa amekuja kutoka Ujiji kukaa nasi, akaniona nimeushika mkono. Nikamwambia nimeteguka nikiwa nimebeba ndoo. Bibi alikuwa fundi wa kuchua, watu walikuwa wanamfuata na viungo vyao kutoka mitaa ya mbali. Akapasha moto mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kwenye kijiko cha chuma, akayajaribu nyuma ya kiganja chake, akaanza. Alinivuta kidole kimoja baada ya kingine ili "kurudisha mshipa", huku akiniambia, "Pole mjukuu wangu, vumilia, kidogo tu." Niliuma pindo la khanga yake hadi likalowa. Harufu ya mafuta yale hata leo ikinijia, mkono wa kushoto unasisimka.

Watu wengi nikiwasimulia hapa wanamlaumu Bibi. Sikubali. Bibi alitibu alichoambiwa. Kwa teguko dogo, mikono yake ilikuwa na baraka. Mimi ndiye niliyempa ugonjwa wa uongo autibu. Lakini tangu siku hiyo nina msimamo ambao siulegezi kwa mtu: mtoto akianguka kwa mkono na pakavimba, hachuliwi, hakandwi kwa maji moto, havutwi vidole, mpaka picha ipigwe. Unaukalisha mkono ulivyo, unaufunga kwenye kitambaa shingoni, unaweka kitu cha baridi kilichofungwa kwa nguo, unakwenda hospitali.

Nililala usiku tatu nikiwa nimeketi. Jumanne nikaenda mazoezini, kwa sababu nisipoonekana ingejulikana. Sensei hakuuliza kitu hadi aliponiona nikijaribu kufunga mkanda kwa mkono mmoja na meno. Akaja akachuchumaa, kama siku ile ya ngumi.

"Inauma au umeumia?"

Nikalia. Hakuniuliza zaidi. Alifunga mazoezi mapema, akanisindikiza hadi nyumbani, akamwamkia Bibi, akaketi, akamwambia Mama kila kitu mbele yangu, yakiwemo yale ambayo mimi nilikuwa sijamwambia na yeye alishayakamua kwa yule kaka. Alimwomba Mama radhi. Mama hakumjibu. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Hospitali, daktari aliiweka picha ya eksirei kwenye mwanga na kuniita niione. Nikaona mstari mweusi unaokata mfupa karibu na kifundo cha mkono, nikasema, "Hapo ndipo nilipovunjika." Akatikisa kichwa. "Hapo ndipo unapokulia." Akaeleza kwamba mfupa wa mtoto hurefukia karibu na ncha zake, na sehemu hiyo ni gegedu, ambalo halionekani kwenye eksirei, ndiyo maana panakuwa peusi. Ufa wangu ulikuwa mstari mwingine mwembamba, umetokea juu na kuja kugusa palepale. Kwa mtu mzima, alisema, anguko kama lile huenda likachana kano zinazoshika kiungo. Kwa mtoto gegedu lile ni laini kuliko kano, kwa hiyo ndilo linalotangulia kuachia. Likiharibika vibaya, mfupa unaweza kusimama kukua au kukua umepinda wakati mwenzake unaendelea. Kisha akamgeukia Mama, akasema kwa upole kwamba bahati yetu mfupa haukuwa umehama sana, na mtu asiuvute tena.

Nilifungwa hogo wiki tano. Nikaambiwa nirudi tena baada ya miezi kadhaa apime kama mikono inakua sawa. Ilikua sawa. Mama alishusha pumzi siku ile utadhani alikuwa ameishikilia miezi yote.

Nilidhani karate imekwisha. Mama naye alidhani hivyo. Aliyeirudisha ni Bibi, ambaye tangu ajue ukweli alikuwa na uchungu wake mwenyewe. "Kilichomvunja ni kuficha," alimwambia Mama. "Akikaa nyumbani atajifunza kuficha zaidi." Nami nikarudi na hogo langu. Sensei akanipa kiti kando ya ukuta, akasema, "Wewe ndiye utakayehesabu." Wiki tano nilihesabu kwa Kijapani kwa ajili ya wenzangu, na nikiwa nimekaa pale nikaona vitu ambavyo sikuwahi kuviona nikiwa mstarini: nani anainua kisigino, nani anabana pumzi, nani anatazama chini. Yule kaka wa mkanda wa kijani alinibebea begi la shule siku zote hizo bila kuambiwa na mtu. Na pale ukumbini ikawekwa sheria: Sensei hajafika, hakuna anayemgusa mwenzake.

Hogo lilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka, nywele zimeota ndefu. Nilitaka kupiga ngumi. Sensei akanipeleka kuanguka.

Safari hii tulikuwa tunafanyia ufukweni, upande wa Kibirizi, kwa sababu ukumbini hakukuwa na mikeka. Asubuhi ya Jumamosi, dagaa wameanikwa, harufu yake imeshika hewa yote, wavuvi waliokesha na taa zao ziwani wanakunja nyavu. Hatua ya kwanza ni kulala chali. Kidevu kinabanwa kifuani, macho yanatazama fundo la mkanda, ili kisogo kisiguse chini. Mikono inapigwa mchangani pembeni mwa mwili, si mbali kama mabawa wala si karibu na mbavu, kiganja kimelala, na unatoa pumzi. Ukishaiweza hiyo, unafanya ukiwa umechuchumaa. Halafu umesimama. Halafu mwenzako anakusukuma, na mwisho anakupiga ngwala kweli. Mgongo unaviringika kama chombo kinachoyumba juu ya wimbi, na ule uzito ambao ungeangukia kifundo kimoja unasambaa mkono mzima na mgongo. Wajapani wanaita ukemi. Sensei alitueleza kwamba ustadi huu unasisitizwa zaidi na watu wa judo, mchezo ulioanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, na kwamba karate ilichukua mengi huko, hata nguo zetu nyeupe na mpango wa madaraja.

Kwa wiki mbili za mwanzo, kila niliposukumwa mkono wa kushoto ulitaka kutangulia. Nilikuwa nauona unavyoondoka, siwezi kuuzuia. Kuna Jumamosi moja nilianguka mara sitini, nimezihesabu, na ile ya sitini mkono ukapiga mchanga pembeni wenyewe, mimi nikiwa nawaza jambo jingine. Nilibaki nimelala pale natazama mbingu. Sijawahi kufurahia mkanda wowote kama nilivyoifurahia asubuhi ile.

Nikiwa na miaka 13 likaja goti: uvimbe mdogo mgumu chini ya kofia ya goti, unauma nikipiga mateke na kuruka. Safari hii nilisema siku ileile. Hospitali wakasema ni jambo la watoto wanaokua haraka huku wanaruka sana. Kano la goti linavuta pale linapojishika kwenye mfupa ambao bado haujakomaa. Nikapunguziwa mateke kwa miezi, nikaacha kuruka, nikaendelea na mikono na kata. Likapoa lenyewe, halina hadithi ndefu.

Sasa nafundisha watoto mimi mwenyewe, Jumamosi, hapahapa Kigoma. Wazazi huniuliza, "Dada, hataumia kweli?" Siwafichi. Ataumia siku moja: kidole kitagonga kiwiko cha mwenzake, ukucha utang'oka, kifundo cha mguu kitateguka. Ninachowaahidi ni kwamba sitamharakisha, na sitamfanya aone aibu kukaa chini. Ndiyo maana huwaambia kabla hawajalipa popote, kwangu au kwa mwingine, waje wakae jioni moja watazame. Wasitazame mateke. Watazame mwalimu anafanya nini mtoto anapojitoa mstarini akiwa ameshika mguu. Nilishuhudia mahali fulani mwalimu akimkalia kijana mgongoni ili apige msamba. Kijana alipiga kelele mara moja. Mwaka ule hakucheza tena, hata mpira. Mimi nilikuwa mgeni pale, nikanyamaza, na kunyamaza kule bado kunanisumbua.

Kichwani, watoto wangu hawapigani kabisa. Akigonga kichwa kwa bahati mbaya, siku hiyo mazoezi kwake yamekwisha, hata akisema yuko sawa, na nampeleka kwa mzazi wake kwa mkono wangu. Akitapika, akisinzia visivyo, akiumwa kichwa kinachozidi au akiuliza jambo moja mara tatu, ni hospitali moja kwa moja. Kuna mama alinikasirikia kwa hilo, akaona nimemtisha bure. Nitamtisha tena.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye hatua ya tisa ya kata, mtoto wa miaka tisa, wa mkanda mweupe bado, akatoka mstarini. Alikuja polepole, mkono ameukumbatia kifuani, wenzake wanamtazama. Nikachuchumaa. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Sensei, hiki hakiumi tu. Nimeumia. Ni hapa." Akanionyesha kwa kidole kimoja, kwenye kiungo cha katikati cha kidole cha pete, kilichokuwa kimeanza kujaa. Nikakifunga pamoja na jirani yake kwa kitambaa, nikampigia baba yake simu aje ampeleke akapigwe picha. Kisha nikamvutia kiti kando ya ukuta.

"Hesabu," nikamwambia.

Akakohoa kidogo, akanyoosha mgongo. "Ichi!"